Breki Zilizonyamazishwa Ijumaa

Boksibodi ya Salat ilikuwa na kelele ya kuamsha wafu. Kila ilipoingia Kisii, breki zililia mpaka wauza ndizi wa soko la Daraja Mbili wakaziba masikio, na wenye utani wakasema Salat anachinjia mbuzi ndani ya gari. Salat alicheka nao siku za mwanzo, kisha akachoka. Ijumaa moja, mchana umeshapinda, akaipeleka kwa fundi Jethro Onsongo.

Jethro alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita, akarudi nyumbani na spana zake na tabia ya kutoliamini gari mpaka aliguse kwa mkono. Alikuwa pia shemasi wa kanisa la Sabato, na kwa Wasabato siku takatifu haingoji Jumamosi ipambazuke. Huingia Ijumaa jua linapozama. Katika jambo hilo Jethro alikuwa mkali kuliko mchungaji mwenyewe. Jua likigusa kilima, spana ziliingia guniani hata kama nati imekazwa nusu. Washirika wa kanisa walimsifu kwa hilo, na sifa, tusidanganyane, zilikuwa zimemkolea.

Alimwomba Salat aendeshe polepole huku akisimama kila mara, naye akatembea kando ameinamisha sikio. Kelele ilitoka nyuma, upande wa kushoto. Akagusa magurudumu yote kwa kiganja, na lile la nyuma kushoto peke yake ndilo lililomchoma. Akapiga jeki, akaling'oa, akafungua ngoma ya breki. Kile kitambaa kigumu kinachoibana ngoma ili gari lisimame kilikuwa kimelika hadi kikawa chembamba kama ganda la ndizi, na vichwa vya ribiti, vile vimisumari vilivyokishikilia, vilikuwa vikikwaruza chuma kwa chuma.

Dawa aliijua vizuri: kukata kitambaa kipya, kukitoboa, kukipigilia kwa ribiti mpya. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kutulia, na jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Akachukua tupa, akavikwangua vile vichwa vya ribiti mpaka vikalala, akapitisha msasa, akarudisha ngoma mahali pake. Alijua kwamba ribiti isiyo na kichwa haishiki kitu. Kitambaa kingeweza kubanduka mteremkoni, mafuta ya breki yakamwagika, na gari zima likakosa cha kulizuia. Akajituliza kwa kuwa Salat alishamwambia gari halitoki mpaka Jumatatu. Jumapili angemwita aje amalizie.

Salat alilijaribu barabarani. Kimya. Akarudi anatabasamu, akauliza kama sasa anaweza kuwapakia watoto bila wasiwasi.

"Liko sawa," Jethro akasema, huku anafunga gunia.

Asubuhi ya Sabato alikuwa njiani kwenda kanisani na mkewe Orpah, washirika wengine wakifuata nyuma, wakati boksibodi ilipowapita. Ndani mlikuwa na Salat, mkewe Dahabo na watoto wao wakiimba. Salat akasimama, breki hazikutoa hata mlio, akaeleza kwa furaha kwamba habari zilikuja usiku: nduguye Issack wa Masimba amefanya akika, karamu ya kumchinjia mtoto wake mchanga, wanakwenda kula nyama na kurudi jioni. Akamsifu fundi wake mbele ya watu wote. Jethro alifungua mdomo. Akawaona washirika wanamsikiliza shemasi wao akisifiwa na Muislamu, akaufunga. Gari likaondoka.

Kanisani alikaa mbele na hakusikia neno. Kwenda Masimba ni kupanda, ndiyo; lakini kurudi ni kuteremka, vilima juu ya vilima, na gari limejaa watoto. Alijiambia pengine kitambaa kitashika. Halafu akajichukia kwa hiyo pengine, maana juu yake alikuwa ameweka roho za watu. Wengine walipofumba macho kuomba, yeye akasimama. Orpah alimshika mkono akamuuliza anakwenda wapi.

"Nimemdanganya Salat," alimnong'oneza. "Lile gari litawaua."

Akapitia karakana yake, akafunga jeki, spana, kitambaa, ribiti na nyundo nyuma ya baiskeli, akakanyaga. Mahali pengine palimshinda akasukuma. Suti yake ya Sabato ililowa jasho, na kila alipokutana na watu wanaotoka makanisani walimwangalia shemasi amebeba vyuma. Hakuwajali tena. Alichokiogopa kilikuwa vumbi la gari linaloteremka kumjia.

Alifika Masimba jua limeegemea magharibi, na Dahabo anampandisha mtoto wa mwisho. Jethro hakuwa na pumzi ya kusalimia. Aliwapungia mkono washuke, akalala chini ya gari kwa shati lake jeupe. Alipofungua ngoma, ribiti mbili zilidondoka zenyewe mavumbini.

Watu walijaa. Salat, machozi yakimlengalenga, akaanza kuwaeleza kwamba mtu huyu ameiacha siku ya Mungu wake, amepanda milima kwa baiskeli kwa ajili ya watoto wa Waislamu. Issack akaleta sahani ya nyama. Jethro akapigilia ribiti, na kila sifa ikamuuma kuliko matusi. Alivumilia mpaka ngoma iliporudi, kisha akainuka.

"Bwana Salat, usinisifu. Niliyaona haya yote jana. Nilinyamazisha kelele tu ili jua lisinikute kazini."

Salat aliyapangusa machozi yake.

"Ulimwogopa Mungu asikuone umeshika spana," akasema. "Na kunidanganya, ulidhani haoni?"

Jethro akainama kuokota spana zake. Issack aliichukua ile sahani polepole, akaingia nayo ndani. Salat, ambaye hata hasira haikumwondolea utu, akaipandisha baiskeli juu ya gari na kumwambia fundi aingie mbele.

Kwenye mteremko wa kwanza Dahabo alimtaka mumewe asimame. Akawashusha watoto mmoja mmoja. Salat akamwambia kwamba breki zimetengenezwa, wote wameona kwa macho yao.

"Zilipokuwa zikilia nilijua nina gari bovu," Dahabo akasema. "Sasa sijui nina nini."

Salat akateremsha gari tupu. Breki zilishika barabara, akasimama bondeni na kuwasubiri. Jethro naye alikuwa ameshuka, akitembea nyuma ya mama na watoto. Kasichana kadogo kalikuwa kanasinzia kwa uchovu, na Jethro akanyoosha mikono ambebe. Dahabo alimnyanyua mtoto, akamweka kwenye bega la upande wa pili.

"Asante, fundi," akasema. "Nitambeba mwenyewe."