Gurudumu la Mbele la Kaka Posta

Huyu ninayemsimulia alikanyaga cherehani ya miguu kwa miaka ishirini na sita, katika chumba kimoja chenye dirisha la mtaani, kutwa nzima, bila kusogea mbele hata hatua moja. Ndiyo maana aliposikia kuna kundi linataka kwenda kilomita mia saba kwa baiskeli, alisema na yeye yumo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama wa miaka arobaini na tisa, mfupi, amejaajaa, ambaye safari yake ndefu ilikuwa ya dukani kununua vifungo! Lakini siku ya kwanza tu, kwenye mlima wa kwanza, vijana waliokuja na kaptura za kubana walishuka wakawa wanasukuma baiskeli huku ulimi nje, naye akawapita akiwa juu ya kiti chake, taratibu, miguu inazunguka vilevile kama anashona pindo la pazia. Pale pale akapewa jina la Cherehani, na likamganda.

Baiskeli yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Posta, kwa sababu aligawa barua na vifurushi juu ya baiskeli hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Goti lilimgeuka akiwa amebakiza mwezi mmoja tu astaafu. Akapasuliwa, akapona, daktari akamwambia atembee. Hakutembea. Mwaka mmoja na miezi minane sasa alikuwa hajavuka lango la nyumba yake. Alikaa kwenye kiti barazani, na waliokuwa wakija kumpa pole walichoka wakaacha kuja. Kitu pekee kilichomwinua asubuhi ni ile baiskeli: aliifuta spoku moja moja kwa kitambaa chenye mafuta, kisha akarudi kukaa.

"Mume wangu ana wake wawili," wifi yake Cherehani alipenda kusema, "na mimi ndiye mdogo."

Cherehani alipokwenda kuiazima, wifi alimnong'oneza ajiondokee tu asijitie aibu. Posta aliikagua baiskeli kwa macho mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Chukua. Ila irudi kama ilivyotoka. Spoku kwa spoku." Cherehani akaapa. Alijua vizuri amebeba nini. Baiskeli ile ikiharibika, kaka yake hatakuwa na sababu ya kuinuka asubuhi, na wa kulaumiwa atakuwa yeye.

Basi, siku ya tisa, saa tano asubuhi, watu kumi na mmoja waliingia mji wa mwisho wa safari kwa mstari mmoja. Baada ya mlima ule wa kwanza kundi lilijiwekea sheria: mwenda pole ndiye hukaa mbele, ili asiachwe mtu. Mbele alikuwa kinyozi mmoja aliyefunga breki kwenye kila mteremko kwa siku zote tisa, na nyuma yake wote wakipiga kengele kama wamepagawa. Walizunguka mnara wa saa mara tatu. Saa yenyewe ilisema ni saa mbili kasoro, lakini hakuna aliyejali. Muuguzi mstaafu aliyekuwa kiongozi wao, waliyemwita Kamanda, alijaribu kutoa hotuba, akaishia kumkumbatia kila mtu, na kinyozi akalibusu tairi lake la mbele mbele za watu. Cherehani alicheka, akalia, akacheka tena. Hakuwahi kujua kwamba mwili wake unaweza kumfikisha mahali.

Kesho yake wakatawanyika kwa mabasi. Makondakta hawakutaka baiskeli nzima kwenye buti, kwa hiyo kila mtu alitakiwa kung'oa gurudumu la mbele. Hilo Cherehani alikuwa amelifikiria mapema. Kabla ya safari alishona mifuko kumi na moja ya magurudumu kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye kazi ya kaptura za shule. Mishono miwili miwili, kamba ya kubana mdomoni, yote kipimo kimoja, huwezi kutofautisha huu na ule. Kamanda alishauri kila mfuko uandikwe jina kwa kalamu ya wino. Cherehani alimtazama kama aliyemtukana. Aandike kwa wino juu ya kazi kama ile? Mifuko ikabaki safi bila jina, na kila aliyeiona aliisifu, naye sifa hizo akazipokea zote bila kusaza.

Katika basi miguu yake iligoma kutulia. Abiria wa kiti cha mbele aligeuka mara ya tatu, uso umemkunjamana.

"Dada, unanipiga mateke."

"Nisamehe, kaka yangu. Miguu haijapata habari kwamba tumemaliza."

Yule bwana alitaka kununa, akashindwa. Mpaka wanafika alikuwa ameshasimuliwa milima yote, na kusema kweli mingine ilikuwa imerefushwa kidogo.

Saa tisa mchana Cherehani alishushiwa baiskeli yake kituoni. Akachuchumaa, akafungua mfuko wa kaki, akavuta gurudumu. Gurudumu lilikuwa jembamba, jipya, linameta, na tairi lake lina mstari mwekundu. La kaka yake lilikuwa zito na jeusi. Akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi, kati ya mizigo ya watu, akawapigia simu wenzake wa safari mmoja mmoja mpaka akampata yule waliyemwita Mwalimu wa Hesabu, aliyepanda basi jingine.

"Dada Cherehani!" Mwalimu akapaza sauti. "Nilikuwa nataka kukupigia. Gurudumu langu limezeeka miaka arobaini kwa siku moja!"

"Usinichekeshe, Mwalimu. Umeliweka wapi?"

"Lipo, limeegemea kabati. Usiwe na wasiwasi, kesho nalituma kwa basi la mizigo."

Alishukuru, lakini roho haikutulia. Alilifunga lile jembamba, likaingia kwa shida, akaanza kusukuma kwenda nyumbani. Baiskeli ilionekana kama mzee aliyevaa raba mguu mmoja na buti mguu mwingine. Watoto wa mtaani walimpigia makofi kwa safari yake. Akawapungia mkono.

Wifi alimwona kutoka langoni akapiga kigelegele. Kikakatika katikati.

"Wifi! Hilo nini?"

"Ngoja nikueleze."

"Usinieleze mimi. Kamweleze mwenyewe, yuko pale pale ulipomwacha."

Posta alikuwa barazani. Cherehani akamwamkia, "Shikamoo, kaka," naye akaitikia "Marahaba" bila kumtazama, maana macho yalikuwa kwenye tairi lenye mstari mwekundu. Cherehani akaeleza yote: kaki, wino, sifa, mpaka basi la Mwalimu. Hakuficha hata moja. Machozi yakamtoka.

"Nimekosa, kaka. Nilijisikia na vimifuko vyangu."

Posta aliinua usukani kwa mkono mmoja, akalizungusha gurudumu geni, akalisikiliza mpaka likasimama.

"Mwalimu wako anakaa wapi?"

"Mji wa kiwanda cha saruji. Mwendo wa saa nne kwa basi. Lakini atalituma kesho."

"Atalituma?" Posta aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kwa basi la mizigo?"

"Ndiyo, kaka. Amesema litafika salama."

"Mimi nimebeba vifurushi miaka thelathini na mmoja. Najua vinavyorushwa. Vingine nimevirusha mwenyewe." Akakohoa kidogo. "Mpigie. Mwambie asilifunge, asilitume, hata kulifuta vumbi asilifute. Tunalifuata."

"Mnalifuata nani na nani?" wifi aliuliza kutoka mlangoni.

"Mimi na huyu."

"Wewe? Kwa goti lipi?"

"Hili hili. Huyu mfupi ametoka kuvuka milima nchi nzima, mimi nishindwe kukaa kwenye basi?" Alishika mikono ya kiti akajiinua, akayumba, Cherehani akamdaka kiwiko. Akasimama. "Siku hizi basi la kwanza linaondoka saa ngapi?"

Wifi aligeuka akaingia ndani. Walimsikia akiburuta vitu chini ya kitanda, masanduku, beseni, sijui nini, kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na viatu vya mumewe, kimoja kila mkono, vimefanya ukungu, na alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Saa moja na nusu," akasema. "Linaondoka saa moja na nusu."