Baraka Iliyopita Kando ya Friji

Sauti ya mke wangu ninayo. Imerekodiwa kwa mashine ya maana, na haisikiki.

Alikuwa afanyiwe upasuaji wa koo Jumatatu, na daktari hakutuficha: huenda asiongee tena. Binti yetu alikuwa amechumbiwa. Kwetu Machakos, hata harusi ya kanisani ifane vipi, bila ntheo msichana hajaolewa. Lazima upande wa kijana ulete mbuzi nyumbani, na wazazi wambariki binti yao. Mke wangu alitaka baraka yake iwepo siku hiyo, kwa sauti yake mwenyewe.

"Si unirekodi na simu tu," aliniambia.

Simu! Mimi, mwenye spika zilizochongewa makasha na mafundi wa vinyago wa Wamunyu, nimrekodi mke wangu na simu kama mtu anayetuma salamu? Kiburi kilinijaa. Nalisema hili bila machozi, maana yamekataa kuja.

Alikuwa kitandani chumbani, mashine iko sebuleni. Nilikuwa na maikrofoni nzuri na waya mrefu wa nyuzi tatu, ule ambao mafundi wa kanisa huuita wa balansi. Nyuzi mbili hubeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa kinyume, na ya tatu ni kinga. Uchafu wa umeme ukiingia njiani, huingia kote sawa. Mwishoni mashine hugeuza ile moja, uchafu unajifuta, sauti inabaki. Mashine yangu ya nyumbani haina tundu la aina hiyo. Ina yale mekundu na meupe, ya uzi mmoja na kinga, yanayofaa kwa kipande kifupi. Kanisani, hatua chache kutoka kwetu, kulikuwa na miksa yenye tundu sahihi. Kuomba sikuomba. Nilikata kichwa cha waya, nikaunga uzi wa pili na kinga, hivyo pasibaki cha kufuta uchafu, nikaulaza sakafuni kando ya ekstensheni ya umeme wa friji.

Alipoanza kuongea, mlio wa umeme ukajaa kwenye hedifoni. Nikazungusha vifundo, nikasukuma waya kwa mguu, nikaenda na kurudi nikibonyeza viungio. Aliongea kama robo saa, akinitazama kila nilipopita mlangoni. Alipomaliza nikamwambia tutarudia kesho.

"Kesho ni hospitali," alisema. "Nimechoka."

Hakurudi nyumbani.

Siku ya ntheo niliicheza rekodi ile hata hivyo, nikidhani watu wenye mapenzi wangesikia. Mlio ulitoka kwenye yale makasha ukiwa mzito na safi, na chini yake kitu kama mtu anayeongea karibu na kinu cha posho. Nikazima. Sikuhisi aibu. Sikuhisi chochote.

Binti yangu akanifuata nyuma ya jikoni, mahali mbuzi alipokuwa akichunwa.

"Baba, siskii kitu. Lakini si wewe ulikuwa hapo? Niambie tu vile mum alisema."

Nilikuwa hapo. Nilikuwa nikisikiliza mlio.

"Alikubariki," nikasema, kisha nikampa maneno ambayo mama yeyote wa huku humwambia binti yake. Alilia, akacheka, akatoa simu.

"Ngoja, rudia polepole niandike."

Nikarudia. Mara ya pili maneno yalitoka tofauti, na kidole chake kikasimama juu ya simu.