Chatu katika Zizi la Ndama

Kiangazi kilimaliza ng'ombe wa baba mmoja mmoja, na tangu alipokufa wa mwisho mzee hakutoka chumbani ila kwa swala. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, ndoa imenishinda, nikawa napika, nafua na kugombana na mtu asiyejibu. Majirani walisema ni huzuni tu, itapita. Rahisi kusema.

Kisha mto Tana, ambao hatukuuona tulipouhitaji, ukafurika mpaka karibu na mlango wetu. Maji yalipopungua, jirani yangu Mpokomo, mwenye shamba la mpunga ukingoni, alikuja na gunia linalotikisika. Ndani mlikuwa na chatu mchanga, mwembamba kama mpini wa jembe.

"Dada, hii yako," alisema akicheka. "Nyinyi Waorma mnajua kufuga. Ikikaa kwangu mzee wangu ataikata na panga."

Alikuwa ananitania, akitarajia nikimbie. Nikampokea kwa ukaidi tu. Kibali cha kumfuga nilikifuata Hola, na mtu wa ofisini akaniuliza kama nyumbani wanajua nilipo.

Mahali pa kumweka palikuwepo: zizi la ndama, tupu, nguzo zake za mti wa mkoma alizichimbia baba mwenyewe. Nilizungushia wavu wa matundu madogo na kuufukia chini, maana nyoka akipata pa kupenyeza kichwa, mwili wote utafuata. Nusu niliezeka mabati na nusu nikaiacha ipigwe jua, ili achague mwenyewe joto au kivuli. Niliweka karai la maji ya kujilaza, na jirani akanipa kipande cha mtumbwi uliovunjika nikakifudikiza kiwe maficho.

Baba alichungulia dirishani. "Unaweka nyoka mahali pa ndama?"

"Ndama wako wapi, Baba?" nilimjibu. Akalifunga dirisha. Ulimi wangu ndio huo, hata aliyenioa aliulalamikia.

Jirani alikuwa akitega panya kwenye ghala lake la mpunga, nami nikimpa chatu panya mmoja, kisha namwacha siku kadhaa bila kumgusa, kwa kuwa akisumbuliwa tumbo likiwa limejaa hutapika. Ikafika wakati macho yake yakaingia ukungu, akakataa kula.

"Nyoka wako anapofuka," baba akaniambia kutoka dirishani.

"Anajivua gamba. Mwache."

Asubuhi moja nikamkuta baba yuko zizini, ameshika lile gamba mkononi, analitazama dhidi ya mwanga. Sikuamini macho yangu. Tangu hapo kila alfajiri akitoka kuswali alipitia huko na fimbo yake, anabadilisha maji, anamkaripia chatu kwa Kiorma maneno yaleyale aliyokuwa akiwakaripia ndama. Baba mwenyewe alianza kula akashiba. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, lakini mdomoni nilibaki na ukali wangu: usimguse akila, usijaze maji, rudisha mtumbwi ulipokuwa. Alinitii kama mchungaji wa kuajiriwa.

Kisha wakaonekana kupe, wamejibana katikati ya magamba. Niliwang'oa wachache kwa kibano na kumwambia baba waliobaki nitawamaliza nikirudi kutoka Tarasaa, nilikokwenda kumjulia hali shangazi mgonjwa. Nililala huko. Lakini kwa mfugaji kupe haachwi mpaka kesho. Miaka ya nyuma kupe alimlia baba ng'ombe wa maziwa, akamlia na fahali. Kumwona na kumwacha ni uzembe uliomfanya baba achapwe kwao angali mdogo.

Niliporudi asubuhi, harufu ilinipokea uani kabla ya mtu. Kila aliyekulia kwetu anaijua: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Bomba la kupulizia lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo. Chatu alikuwa amelala kifudifudi, kinywa wazi, kichwa kimepinda kuelekea juu, anatetemeka. Nilimmwagia maji karai baada ya karai. Adhuhuri haikumkuta.

"Dawa hii haijawahi kuniulia ng'ombe hata mmoja," baba alisema.

"Huyu si ng'ombe!" nilipiga kelele, na mtaa mzima ukasikia. "Alianza lini kutetemeka?"

"Jana alasiri."

"Jana! Na simu unayo! Ningekuambia umwoshe kwa maji, pengine angepona!"

Alikuwa amechuchumaa, anasugua mikono kwa mchanga kana kwamba dawa ingalipo. Hakuniangalia.

"Simu niliishika," alisema. "Jina lako nikaliona. Nikaogopa utanikataza kuja huku."

Huku ni zizini kwake, penye nguzo alizochimbia yeye. Nikachukua jembe. Tulimzika chatu tukiwa wawili.

Baba amerudi chumbani. Jirani amesema akipata mwingine ataniletea, nikamwambia asithubutu. Kila asubuhi nasimama mlangoni kwa baba, nalainisha sauti mpaka naichukia mwenyewe, namwomba atoke japo aote jua. Hanikasirikii. Ananijibu kwa adabu, kama mgeni aliyekaa sana kwa watu:

"Sitaki kukusumbua, mwanangu."