Somo Mwenye Titi Moja

Waliponikata titi la kushoto nilikuwa nimeshavuka hamsini. Kitanda cha jirani alilazwa mwalimu kijana, naye wamemkata lake. Yeye, kila aliyeingia wodini alimlilia. Mimi nilipongezwa. "Bora wewe, umeshanyonyesha." Hata daktari akaniuliza, "Mama, kwa umri huo, titi la nini tena?"

"Na wewe kwa upara huo, hilo chanuo mfukoni la nini?"

Nikarudi Nachingwea kwenye meza yangu ya mitumba. Wateja walinitazama kifua kwanza, bei baadaye. Niliwapandishia.

Mwaka ule binti wa mdogo wangu, kule Nkowe, alikuwa anachezwa unyago, na tangu azaliwe tulikubaliana somo wake, wa kumfunda, ni mimi. Kwetu somo hucheza mbele ya wanawali khanga ikiwa kiunoni, juu hana kitu. Siku moja kabla, nyakanga, yule bibi mkuu wa unyago, akaniita mbele ya wenzake.

"Mwanangu, utawatisha watoto. Mwachie mwingine."

"Simwachii mtu."

"Basi vaa blauzi, tukujazie sufi upande huo."

Bei ya kwanza naijua nikiisikia. "Punguza, bibi."

"Blauzi bila sufi."

"Bado ghali."

"Haya, khanga begani, upande mmoja tu!"

"Wewe kesho utavaa nini juu?"

"Mimi mzee. Nani atazame haya? Yameshalala."

"Kumbe! Yako mawili yamelala hayamtishi mtu, langu moja limekaa macho ndiyo liwatishe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. "Bibi, mnawafundisha mwili wa mwanamke. Na huu ni wa mwanamke. Somo wangu alinifundisha kumfurahisha mume mpaka nikachoka kusikiliza. Kwamba titi linaweza kuota uvimbe, hakusema. Nikimficha mtoto huyu, atajifunzia wapi?"

Nyakanga akaifunga khanga yake upya. Kisha akasema, "Usichelewe."

Nilicheza kifua wazi. Wanawali waliinamisha macho, wa kwangu akayainua.

"Somo, panauma?"

"Kukiwa na baridi."

"Litaota tena?"

"Halioti."

Akafikiri. "Na wewe bado ni mwanamke?"

"Umeniona nikicheza?"

"Nimekuona."

"Basi lete mkono." Nikauweka juu ya titi lake mwenyewe, nikamwonyesha namna ya kujipapasa, taratibu, mpaka kwapani. Wenzake wakasogea.