Shabu Katika Chanjo ya Kichocho

Ashukuriwe Mola aliyeumba ziwa hili na vyote vilivyomo, hata vile ambavyo jicho halivioni, kisha akatutia wanadamu hamu ya kuuliza.

Miaka ile ya soko huria, kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini, nilipata kazi ya kutunza panya weupe kwenye maabara moja hapa Mwanza. Daktari mmoja mtafiti, wa umri sawa na binti yangu, alikuwa akijaribu chanjo ya kichocho. Mke wangu alinitania kwamba nimetoka kwenye pamba nikawa shehe wa panya. Yeye alilima mchicha ukingoni mwa ziwa, na kila siku aliingia majini kuchota ndoo za kumwagilia. Kichocho kilimshika tumboni. Akimeza vidonge anapona. Akirudi majini, nacho kinarudi. Nilitamani chanjo ile imfikie.

Siku moja nilimkuta daktari akitikisa kichupa chenye maji meupe kama tui.

“Humo mna nini, mwanangu?”

“Chembe za mnyoo wa kichocho, baba, na chumvi ya madini. Ndugu yake shabu.”

“Shabu hii tunayotia mtungini tope litulie?”

“Ndugu yake, nimesema! Usije ukakwangua ya nyumbani ukawachoma panya wangu.”

Nikauliza kama chumvi hiyo ndiyo inayoua mnyoo. Akasema hapana. Chembe zile peke yake ni kama mgeni aingiaye uani kimyakimya, walinzi wa mwili hawashtuki. Chumvi humfanya abishe hodi kwa kishindo. Wakishamtazama vizuri usoni, siku ndugu zake wakija watajulikana tangu mlangoni. Nilivua koti la kazi, nikatawadha, nikaenda kuswali adhuhuri nikistaajabu kwamba nimebeba walinzi umri wote huu bila kuwajua.

Nilipomwomba amchanje mke wangu, alitikisa kichwa. “Bado sijui hata kama inawafaa panya, baba.”

Tulichanja kundi moja, jingine tukaliacha. Kisha wote tukawagusisha maji yenye vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono, tukasubiri wiki nyingi. Daktari alipowapasua, aliniita nitazame. Waliochanjwa walikuwa na minyoo michache kuliko wenzao. Michache, lakini ilikuwamo.

“Mwanzo mzuri,” alisema. “Ila kufika kwa watu, huenda ikachukua miaka.”

Jioni nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza huku akichambua mchicha.

“Kwa hiyo panya wako wamepata nafuu tu.”

“Nafuu tu.”

“Na mimi nisubiri?”

“Mungu yu pamoja na wenye kusubiri.”

“Subira ninayo, mume wangu, lakini nitasubiri nikiwa pakavu. Dada yangu ana shamba Buhongwa, mbali na ziwa. Nichimbie kisima.”

Nikachimba. Akameza vidonge kwa mara nyingine, akahamishia bustani huko, na kwa rehema za Mungu kichocho hakikumrudia tena. Mimi nilibaki na panya na maswali yangu, na hadi leo nikikutana na daktari yeyote huulizia chanjo imefika wapi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe afya wewe na wa nyumbani kwako, na awafanyie wepesi wote wanaotafuta tiba. Amin.