Niliandika 4K kwenye waranti, sasa mzee anaamini anapofuka

Admin, nifiche jina, na duka usilitaje. Nina miaka ishirini na minne, nina diploma, ni karani katika duka la vifaa vya umeme hapa Kyela mjini. Mshahara wangu ndio unaomsomesha mdogo wangu.

Dukani televisheni zote tunaziwasha kwa flashi yenye video ya samaki, iliyopigwa kwa ubora wa juu kabisa. Kwa video ile kila kioo kinapendeza. Msimu wa kakao akaja mkulima kutoka kijiji cha Ngana, mzee wa kanisa letu. Akasema anataka TV ya kuona hata jasho la mchezaji. Bosi akampa ya inchi arobaini na tatu yenye stika ya 4K. Stika hiyo bosi aliibandika mwenyewe, nikimwona. Asubuhi ile nilikuwa nimeichomeka kwenye kompyuta, nikakuta kioo ni cha 720 tu, hata 1080 hakifiki, sembuse 4K.

Bosi akaninong'oneza, "We andika 4K. Huku nani anahesabu vidoti vya kioo?"

Nikaandika kwenye waranti, nikasaini.

Baada ya wiki mbili mzee akarudi. "Mwanangu, mpira nauona kama uko kwenye ukungu. Namba za migongoni sizisomi. Mbona hapa niliona mpaka magamba ya samaki? Na wajukuu wanasema wanaona vizuri tu."

Wajukuu hawajawahi kuona TV nyingine. Ningemwambia kwamba ile ilikuwa flashi, kwamba king'amuzi chake kinaleta picha ya kawaida, na kwamba hata angelipia chaneli za HD, kioo kile si cha 4K. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Labda ni macho, baba. Umri nao."

Akacheka. "Kumbe! Baba yangu naye alipofuka akiwa na umri huu. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Wengine wangenificha."

Akanunua miwani mnadani bila kupimwa. Ni mikali, inamfanya ajikwae. Ameacha kusoma neno kanisani. Jumapili alisimama akawaambia waumini kwamba mimi ndiye niliyemwambia ukweli, wakanipigia makofi. Sikuhisi kitu. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Keshokutwa anawagawia wanawe shamba la kakao, akiwa bado anaona, ndivyo anavyosema. Mkubwa ameshapata mnunuzi wa sehemu yake. Na mzee ameniomba mimi nikaandike hati, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na mimi si mwongo.

Nikisema, kazi sina, na waranti ina saini yangu, si ya bosi. Nimekubali kwenda. Kalamu ninayo kwenye mkoba. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nikifika pale niandike nini?