Cheti cha Mjukuu na Moshi wa Bekari

Mmenishika koo niandike, na mimi shule niliishia darasa la pili. Basi someni polepole, maana nami naandika polepole.

Huu mwaka wa thelathini na moja nafua shuka za hospitali. Mjukuu wangu anasomea udaktari usiotibu mtu. Akataka na cheti cha kuunganisha hesabu za kupanga kazi na akili ya mashine, ila profesa wake alikataa kutia saini mpaka aione mashine ikipanga kazi ya kweli. Wakaja nayo kwenye chumba changu cha kufulia.

Mashine ikaamuru mablanketi yaanikwe alfajiri, shuka nyeupe saa nne. Nikaanika vilevile, mdomo nimeufunga. Saa nne na nusu bekari ya jirani ikawasha tanuri, moshi ukatanda kwenye kamba, shuka zote zikawa rangi ya punda, profesa anatazama.

"Bibi, ulijua?" mjukuu akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Huwasha saa hiyo kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mke mwenzangu, uliiuliza mashine. Mimi hukuniuliza."

Lakini yale machozi yalinishinda. Nikamweleza habari ya bekari, naye akaiingiza kwenye mashine. Kesho yake shuka zilitangulia, zikakauka nyeupe pe, na profesa akatia saini palepale.

Cheti kina jina lake peke yake. Wewe unayesoma, kamwulize anayekufulia nguo anavyoipanga siku yake, kisha uje unisimulie. Na ukija, shika upande wa pili wa shuka tukamue.